Mlima Mdogo Uliopima Uzito wa Hewa



Watu wengi hudhani ya kuwa mlima hauna sifa ila uwe mrefu. Mtu akiulizwa habari za milima hutaja Kilimanjaro au Kenya, na akipenda kwenda mbali zaidi hutaja Himalaya. Vilima vya kupandwa asubuhi na kushukwa kabla ya chakula cha mchana havitajwi. Lakini katikati ya nchi ya Ufaransa upo mlima mmoja wa namna hiyo, usio na theluji ya daima wala magenge ya kutisha, ambao hata watoto wa shule huupanda kwa miguu, na juu yake lilithibitishwa jambo ambalo wenye elimu walikuwa wakilibishania tangu zamani za Wayunani. Hotuba hii ni habari ya mlima huo na njia yake, na habari ya watu sita walioupanda siku ya Jumamosi, tarehe 19 Septemba, mwaka wa 1648, wakichukua neli za kioo na zebaki.

Jina lake ni Puy de Dôme, na Wafaransa hulitamka karibu kama "Pwi de Dom". Neno "puy" katika jimbo la Auvergne maana yake ni kilima. Kilele chake ki mita 1,465 juu ya usawa wa bahari, yaani kadiri ya futi 4,800. Msikilizaji wa Nairobi asicheke akisikia ya kuwa mji wake, pamoja na barabara zake na masoko yake, umekaa juu kuliko kilele hicho. Kimo cha mlima chapasa kutazamwa pia kutoka miguuni pake. Mji wa Clermont-Ferrand umelala chini, ukingoni mwa uwanda, katika kadiri ya mita 400, nao mlima uko umbali wa kilomita kumi hivi tu upande wa magharibi. Mkaaji wa mji akiinua macho huuona umesimama juu yake kama mzee aliyekaa barazani akiwatazama watoto uani.

Mlima huu ni volkeno iliyozimika. Hauko peke yake, bali ni mkubwa katika safu ya volkeno themanini hivi zilizopangana kutoka kaskazini kwenda kusini, kama vichuguu kando ya njia. Nyingi kati ya hizo zina kasoko, yaani shimo la duara lililo mdomoni mwa volkeno, na mtu akisimama ukingoni mwa kilima jirani kiitwacho Puy de Pariou hulitazama shimo hilo chini yake likiwa limeota nyasi nzuri, mfano wa bakuli la kijani. Puy de Dôme wenyewe hauna shimo la namna hiyo. Mawe yake yaliyoyeyuka yalikuwa mazito mno, hata hayakuweza kutiririka. Yalipanda juu yakagandia pale pale, kama uji mzito unaofurika na kukauka mdomoni mwa chungu. Jambo hili lilitokea miaka kadiri ya 11,000 iliyopita, nalo kwa hesabu ya milima ni jana.

Ajabu ni kwamba wenyeji waliishi karne nyingi miongoni mwa volkeno hizo bila kuzitambua. Walichimba mawe meusi karibu na kijiji cha Volvic wakajengea nyumba zao, na kanisa kuu la Clermont lilijengwa kwa mawe hayo, hata likawa jeusi kutoka chini mpaka juu. Lakini walikotoka mawe hayo hakuna aliyeuliza. Mwaka wa 1751 mtaalamu aitwaye Jean-Étienne Guettard alipita katika nchi ile, akayatazama mawe ya majengo, akaifuata asili yake mpaka vilimani, na ndiye aliyewaambia Wafaransa ya kuwa walikuwa na volkeno katikati ya nchi yao. Katika mwaka wa 2018 safu hiyo iliandikwa na UNESCO miongoni mwa mahali pa urithi wa dunia nzima.

NJIA YA WENYE NYUMBU

Zipo njia mbili za miguu zijulikanazo zaidi. Moja hupanda upande wa kaskazini, nayo huitwa Njia ya Mbuzi. Ya pili huitwa Njia ya Wenye Nyumbu, na jina lenyewe laonyesha ni mnyama gani aliyekuwa akichukua mizigo zamani: si nyumbu wa mbugani, bali yule mzao wa punda na farasi, ambaye watu wa pwani humwita baghala. Njia hiyo huanza penye kipito cha Ceyssat, katika mita 1,078, ambapo gari huweza kufika. Kutoka hapo mpaka kileleni hazibaki mita 400 za kupanda, na mtu mzima mwenye afya huzimaliza kwa muda wa saa moja au pungufu kidogo. Mzee hutumia saa moja na nusu, wala hakuna amchekaye.

Mwanzo wake ni msituni, penye kivuli na harufu ya majani mabichi. Njia ni ya mawe na changarawe, tena ni kali kuliko inavyoonekana kutoka chini. Mpandaji aliyeanza kwa kasi akizungumza na wenzake hunyamaza kabla ya kona ya tatu. Sehemu ya njia hii yafuata barabara ya Warumi, waliopita hapo wakati Ufaransa ilipokuwa chini ya dola yao. Kisha miti hupungua, na njia hutoka katika mteremko mtupu wa nyasi, ikienda huku na huku kama nyoka ili kuupunguza ukali wa mlima. Hapo ndipo upepo humkuta mtu. Chini watu wamevua makoti. Hapa kila mtu atafuta lake. Mgeni hushauriwa alichukue koti hata mwezi wa Julai, avae viatu vyenye nyayo za kushika, na asiiache njia kwa kukata kona, kwa kuwa udongo ule ni mwepesi na ukikanyagwa ovyo humomonyoka, na jeraha lake hukaa miaka mingi. Wakati wa kiangazi kondoo huchungwa katika vilima vile, na malisho yao yana faida mbili: mwenye kondoo hupata nyama, na kilima hubaki wazi bila kumezwa na kichaka.

Yupo pia asiyeweza kupanda kwa miguu. Huyo amewekewa reli ya meno, yaani reli ambayo gurudumu la gari-moshi huuma meno ya chuma yaliyo katikati ili lisiteleze. Ilifunguliwa mwaka wa 2012, nayo humfikisha abiria juu kwa robo saa hivi. Haifai kumdharau apandaye nayo, kwa maana huenda ana mguu mbaya au mtoto mgongoni. Lakini mtu aliyekwea kwa miguu, akiwaona wengine wanashuka garini wakiwa wakavu na nadhifu, hujiona ana haki zaidi ya kukiketi kilele kile.

Naye akiisha kuketi huona nini? Upande wa mashariki uwanda wote wa Limagne, na mji wa Clermont na kanisa lake jeusi likionekana dogo kama kijiti cha mkaa. Kaskazini na kusini, vilima ndugu vimejipanga mstari. Mbali zaidi kusini ni milima ya Sancy, ambayo kilele chake hupita mita 1,880, nacho ndicho kirefu kuliko vyote vya Ufaransa ya kati. Asubuhi nyingine, hasa wakati wa baridi, mambo hugeuka: uwanda wote hufunikwa na mawingu meupe yaliyotandazwa kama pamba, nao watu wa mjini wamo ndani ya ukungu na giza, hali juu mlimani jua lawaka na vilele vimetokeza kama visiwa. Lakini msafiri asijiahidi mno, maana ukungu pia hupenda kukaa juu ya kilele chenyewe, na wako waliopanda wakashuka bila kuona ila viatu vyao.

MUNGU WA WASAFIRI

Juu kabisa yapo magofu ya kuta nene za mawe. Ni hekalu la Warumi, lililojengwa katika karne ya pili baada ya Kristo kwa ajili ya Mercurius, ambaye katika dini yao alikuwa mungu wa wafanya biashara na wasafiri. Watu walipanda kutoka bondeni na sadaka zao, wakipumzika njiani kama wapandaji wa siku hizi. Hekalu lilianguka, udongo ukalifunika, nyasi zikaota, likasahauliwa kabisa. Lilipatikana tena mwaka wa 1873, wafanya kazi walipokuwa wakichimba msingi wa kituo cha kuchunguza hali ya hewa.

Hapa pana jambo dogo ambalo yafaa msikilizaji alikumbuke. Zebaki, ile madini nyeupe itiririkayo kama maji, katika Kilatini cha wataalamu na katika lugha kadha wa kadha za Ulaya ilipewa jina la mungu huyo huyo, kwa sababu ya wepesi wake wa kukimbia. Basi watu wale wa mwaka wa 1648 walipofika kileleni na zebaki yao, walisimama juu ya nyumba ya Mercurius iliyozikwa chini ya nyasi, wala hakuna hata mmoja wao aliyejua.

Yafaa sasa kueleza walikuwa wakitafuta nini.

UBISHI JUU YA KITU KISICHOONEKANA

Tangu zamani za Aristotle, wenye elimu walifundisha kwamba hapawezi kuwapo mahali patupu kabisa, pasipo na kitu chochote, hata hewa. Walisema ya kuwa maumbile huchukia utupu, na ndiyo sababu maji hupanda katika bomba mtu avutapo pampu: maji hukimbilia kuujaza utupu kabla haujawapo. Maneno hayo yalitosha mashuleni. Hayakutosha visimani. Mafundi wa Italia walijua ya kuwa pampu ya kuvuta, hata ikitengenezwa vizuri namna gani, haiwezi kuyainua maji kupita kadiri ya mita kumi. Ikiwa maumbile huchukia utupu, kwa nini chuki yake hukoma katika mita ya kumi?

Mwitalia mmoja, Evangelista Torricelli, alilifikiria jambo hilo kwa njia nyingine. Zebaki ni nzito kuliko maji karibu mara kumi na nne. Neli ya kioo iliyozibwa upande mmoja ilijazwa zebaki, ikapinduliwa, mdomo wake ukatiwa katika bakuli lililo na zebaki pia. Zebaki iliyomo nelini ilishuka kidogo, kisha ikasimama katika kadiri ya sentimita 76, ikiacha nafasi tupu juu yake. Mwaka wa 1644 Torricelli aliandika maoni yake: ya kuwa watu wanaishi chini ya bahari ya hewa, hewa hiyo ina uzito, nao uzito huo ukiikandamiza zebaki ya bakulini ndio unaoitegemeza ile iliyomo nelini.

Maoni hayo yalikuwa mazuri, lakini maoni si ushahidi. Wapinzani walijibu kwamba zebaki husimama pale kwa sababu chuki ya utupu ina mpaka wake, basi. Nani angeweza kuwashinda? Pande zote mbili zilikuwa zikiitazama neli moja.

Aliyeiona njia ya kuukata ubishi huo alikuwa kijana wa miaka 24, Blaise Pascal, mzaliwa wa mji ule ule wa Clermont, ambaye wakati huo alikuwa akikaa Paris na afya yake haikuwa nzuri. Fikira yake ilikuwa rahisi hata mtoto aweza kuifuata. Ikiwa hewa ni kama bahari, basi aliye juu ya mlima ana hewa pungufu juu ya kichwa chake kuliko aliye bondeni, na zebaki yapasa isimame chini zaidi. Lakini ikiwa sababu ni chuki ya utupu, zebaki yapasa isimame sawasawa mahali pote. Maana hakuna awezaye kusema ya kuwa maumbile huchukia utupu zaidi bondeni kuliko mlimani. Basi jambo hili laweza kuulizwa kwa miguu.

Paris haina mlima. Pascal aliukumbuka mlima wa kwao, akamwandikia shemeji yake, Florin Périer, mume wa dada yake Gilberte. Périer alikuwa mshauri katika mahakama ya kodi ya jimbo la Auvergne, mtu wa makaratasi na mashauri. Barua hiyo iliandikwa tarehe 15 Novemba, 1647, ikimsihi aichukue neli mpaka juu ya Puy de Dôme na kuipima siku moja juu na chini. Miezi kumi ilipita. Mara Périer yuko mbali kwa kazi yake, mara mlima umefunikwa na theluji au ukungu. Mtu aliyekaa Paris akingoja neno juu ya swali kubwa namna hiyo, na jibu lenyewe limefungiwa nyuma ya wingu, hapana budi aliziona siku zake ndefu.

SIKU YENYEWE

Asubuhi ya tarehe 19 Septemba, 1648, hali ya hewa haikuwa ya kutumainiwa. Lakini yapata saa kumi na moja alfajiri kilele kikaonekana, naye Périer akakata shauri kwenda. Akawapelekea habari watu mashuhuri wa Clermont waliotaka kuona kwa macho yao: mapadre wawili, washauri wawili wa mahakama ile yake, na daktari mmoja wa tiba. Saa mbili asubuhi wakakutana katika bustani ya watawa wa shirika la Minim, iliyokuwa karibu mahali pa chini kuliko pote mjini.

Périer alikuwa amechukua siku tatu kuisafisha zebaki yake, ratili kumi na sita za Kifaransa. Akatwaa neli mbili zilizolingana, urefu wake kila moja futi nne, akazijaza, akazipindua ndani ya chombo kimoja. Zebaki ikasimama katika neli zote mbili mahali pamoja: pouce 26 na lignes tatu na nusu, kwa vipimo vya Wafaransa wa siku zile, yaani kadiri ya sentimita 71. Akarudia mara mbili hapo hapo. Hakukuwa na tofauti.

Sasa alifanya jambo ambalo huenda ndilo lililo bora kuliko yote ya siku ile. Neli moja hakuichukua. Aliifunga imara pale bustanini, akamwomba mtawa mmoja, Padre Chastin, akae karibu nayo mchana kutwa na kuitazama mara kwa mara kama zebaki yapanda au yashuka. Maana mtu angaliweza kusema baadaye ya kuwa zebaki ilishuka si kwa sababu ya mlima, bali kwa sababu hali ya hewa ya siku ile iligeuka. Kwa hiyo, wenzake walipokuwa wakipanda katika upepo na kujipatia sifa, Padre Chastin alikaa bustanini akitazama neli isiyofanya lolote.

Juu kileleni, ambapo palikuwa na kanisa dogo, Périer alifanya kama alivyofanya chini. Zebaki ikasimama katika pouce 23 na lignes mbili. Ilikuwa imeshuka zaidi ya pouce tatu, yaani kadiri ya sentimita nane na nusu. Si unywele, si kosa la jicho. Ni upana wa kiganja cha mkono. Watu wale walishikwa na mshangao na furaha hata wakataka kuridhika zaidi. Wakarudia mara tano zaidi, mahali mbalimbali pa kilele: ndani ya kile kikanisa na nje yake, mahali pa kujikinga na mahali pa upepo, wakati wa kweupe na wakati ukungu na mvua vilipopita. Kila mara zebaki ilijibu neno lile lile.

Waliposhuka walisimama njiani mahali paitwapo Lafon de l'Arbre, palipo juu ya mji lakini chini sana ya kilele, wakapima tena: pouce 25. Zebaki ilikuwa imepanda, lakini haijarudi ilikotoka. Hata walipofika bustanini wakamwuliza Padre Chastin. Akawaambia ya kuwa neli yake haikujongea mchana kutwa, ingawa hali ya hewa ilikuwa mara shwari, mara mvua, mara ukungu, mara upepo. Wakaijaza tena ile neli iliyokwenda mlimani. Pouce 26 na lignes tatu na nusu, kama asubuhi.

Siku ya pili Périer alipima chini na juu ya mnara wa kanisa kuu la mji, naye akaona tofauti ya kama lignes mbili. Pascal alipoletewa habari hizo alirudia kazi hiyo Paris, katika minara na hata katika ngazi za nyumba, kisha akachapisha kitabu kidogo mwaka ule ule wa 1648. Baadaye mwanafalsafa Descartes alidai ya kuwa yeye ndiye aliyemshauri Pascal. Wenye elimu wamebishana juu ya dai hilo hata leo. Lakini katika mabwana hao wawili hakuna hata mmoja aliyebeba zebaki mlimani.

KUTOKA AUVERGNE MPAKA JIKONI

Wako watu wasemao ya kuwa mambo kama haya ni michezo ya wataalamu. Lakini mama aliyehama Mombasa kwenda kukaa Nairobi au Limuru hujua ya kuwa maharagwe yake huchelewa kuiva, hata kuni zikiwa zile zile na sufuria ile ile. Sababu yake ni hiyo hiyo iliyoishusha zebaki ya Périer. Katika pwani hewa huitegemeza zebaki kadiri ya sentimita 76. Nairobi kadiri ya 62 au 63. Kwa kuwa hewa ya huko juu hukandamiza maji kidogo zaidi, maji huchemka kabla ya kufikia joto lile la pwani: badala ya digrii 100, huchemka katika digrii 95 hivi. Yanaruka sufuriani, lakini hayana moto wa kutosha.

Pascal mwenyewe alikwisha kuona faida nyingine, ya kuwa kwa neli hiyo mtu aweza kujua kama mahali pawili pako katika usawa mmoja, hata pakiwa mbali namna gani. Siku hizi rubani anayekaribia kutua Nairobi au Kisumu huambiwa kwa simu ya upepo kadiri ya msukumo wa hewa ya mahali pale, ili akirekebishe chombo chake cha kuonyesha kimo. Na hesabu aambiwayo ni ya hektopaskali. Jina hilo ni la kijana yule wa Clermont. Tangu mwaka wa 1971 jina lake ndilo kipimo cha msukumo katika mataifa yote.

Mlima wenyewe haukupumzika. Kile kituo cha hali ya hewa kilichotakwa kwa juhudi na Émile Alluard, mwalimu wa fizikia, kilifunguliwa mwaka wa 1876, na mpaka leo hewa ya kilele huchunguzwa. Katika mwaka wa 1908 ndugu wawili wa Clermont, wenye kiwanda cha mipira ya magari cha Michelin, waliahidi faranga 100,000 kwa rubani wa kwanza atakayeruka kutoka Paris na abiria mmoja na kutua juu ya Puy de Dôme kwa muda usiozidi saa sita. Watu wengi walicheka. Tarehe 7 Machi, 1911, Eugène Renaux alitua kileleni pamoja na abiria wake, Albert Senouque, baada ya saa tano na dakika chache. Waendesha baiskeli pia wameupanda katika mashindano yao makubwa ya kuizunguka Ufaransa, na Wafaransa wazee hawajasahau tarehe 12 Julai, 1964, Jacques Anquetil na Raymond Poulidor walipopanda bega kwa bega, kila mmoja akimficha mwenzake uchovu wake.

Lakini aendaye kwa miguu haihitaji baiskeli wala ndege. Akitaka kufanya alivyofanya Périer, hana haja hata ya zebaki, ambayo ni sumu na haifai kuchezewa. Kipimahewa cha mfukoni chatosha; na simu nyingi za mkononi za siku hizi zina kipimo hicho ndani yake. Akisoma hesabu yake penye kipito cha Ceyssat na kuisoma tena kileleni, ataiona imepungua kwa hektopaskali 40 hivi, na akishuka itarudi ilivyokuwa. Ila asisahau kumwacha mwenzake mmoja chini, na kipimo cha pili mkononi, atazame mpaka wengine warudi.